Hajaachia

Fundi alikuwa amekilaza kipanya chali juu ya meza, anakichokonoa uchafu kwa njiti ya kiberiti. Alikwenda taratibu, maana uchafu wa vipanya vya ofisini ni jasho la mikono ya watu wengi lililochanganyika na vumbi na makombo ya mkate, na ukiukwangua kwa haraka unazama ndani zaidi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi katika chumba cha mitambo cha bwawa. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, maji yalikuwa yametulia nyuma ya ukuta wake, na mfagizi alikuwa akifagia ngazi zilezile anazofagia kila siku. Kipanya hakikuwa kimeunganishwa na chochote. Waya wake ulining'inia ukingoni mwa meza.

Kwenye skrini mbele yake likatokea neno BONYEZA.

Fundi alilitazama, akamalizia kukwangua, akakipuliza kipanya, akakigeuza. Neno lilikuwa palepale. Pembeni yake palikuwa pameandikwa: safu ya kumi na nne, mstari wa tisa.

Hapa lazima ielezwe alikuwa anafanya nini, kwa sababu watu wakisikia fundi wa kompyuta wanadhani ni mtu wa kufuta virusi na kubadilisha wino wa printa. Malango ya bwawa lile yanaendeshwa kwa programu ya zamani, ya maandishi matupu: skrini nyeusi, herufi za kijani, amri zimepangwa moja chini ya nyingine. Hakuna picha wala urembo. Programu ya namna hiyo inaijua kibodi peke yake. Kipanya unaweza ukakisugua mezani mpaka kitoboke na yenyewe haina habari, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isikilize. Kazi ya Fundi ilikuwa kuipa masikio. Ukishaipa, kila kidole kinapofanya jambo kwenye kipanya, skrini inapeleka ujumbe: kimebonyeza wapi, kimeburuta kwenda wapi, kimeachia wapi. Alikuwa ametengeneza kidirisha cha majaribio cha kuonyesha ujumbe huo kwa maneno matatu, BONYEZA, BURUTA na ACHIA, ili ajue kama masikio yamefunguka. Yalikuwa yamefunguka.

Sasa, kila bonyeza ina achia yake. Kidole kikishuka, kitapanda tu, hata cha mtu mvivu. Fundi akaisubiri ACHIA. Akaenda kunywa chai, akarudi. Haikuwa imekuja.

Alifanya ambayo fundi yeyote angefanya. Alizima kompyuta akaiwasha. Akaleta nyingine kutoka stoo, yenye vumbi mpaka puani. BONYEZA. Akaiua programu kwa nguvu, ikafa vibaya, bila kuiaga skrini. Programu ikifa hivyo, masikio hubaki wazi bila mwenyewe, na kila kinachosikika humwagwa kama kilivyo, namba na alama zisizo na maana, kila unapokitikisa kipanya. Watu wa kazi hii wameizoea takataka hiyo na hawaiogopi. Ila kipanya chenyewe kilikuwa mfukoni mwa koti lake. Skrini ikajaa mistari inayofanana, kumi na nne na tisa, kumi na nne na tisa, mpaka chini.

"Inatapika," akasema Kengele.

Kengele alikuwa mwendeshaji mitambo wa zamu ya mchana, mzee aliyekaribia kustaafu. Jina hilo alipewa kwa kuwa yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa king'ora. Alivuta kiti chake, akavaa miwani, akaisoma ile mistari kama anayesoma bei za vitu dukani.

"Ah," akasema. "Huyu ni mama yako."

"Umemjuaje, mzee?"

"Anavyokaza. Sisi wengine tunagusa tukaondoka zetu. Yeye akishika kitu haachii mpaka akione kimekubali. Alikuwa hivyo hata kwenye swichi za taa." Akavua miwani. "Nilijua atakuja, mwanangu. Hakuwa na pa kupitia tu."

Fundi akaitikia. Naye alikuwa ameanza kufikiri hivyohivyo.

Mama yake alikuwa mwendeshaji mitambo katika chumba hicho, kwenye meza hiyohiyo. Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha huko juu wakati lango la tatu liko wazi, na lango halikufungwa. Maji yakashuka na mfereji hadi mtaa wa bondeni, yakachukua nyumba za mbele pamoja na waliokuwemo. Ripoti ikaandikwa. Ni ndefu, ina picha na michoro, lakini watu wanaijua kwa sentensi yake moja: Mwendeshaji alikuwa amesinzia.

Mama alirudi nyumbani akaishi miaka mingine michache. Hakubishana na mtu. Kila alasiri kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilishuka, kikabonyeza chochote kilichokuwa chini yake, meza, goti, mkono wa kochi, kikakaa hapo mpaka taa ziwashwe. Ukitaka kumpa kikombe ulimpa kwa kushoto. Alipokufa, wanawake waliomwosha walijaribu kukinyoosha kile kidole, kikagoma, wakamzika nacho kimekunjwa hivyohivyo. Kazini kwake hakuja mtu. Kutoka bondeni walikuja wawili, wakasimama mbali, wakaangalia mpaka udongo ulipojaa, wakaondoka.

Fundi na dada yake wakabaki na ile sentensi. Mtaani waliitwa watoto wa aliyesinzia. Mchumba wa dada yake alikwenda kwao kusalimia na hakupata tena nafasi ya kurudi. Fundi alipopewa kazi ya bwawa, jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuwasha kitu, ni kukikalia kile kiti cha mama yake. Cha mbao, hakina mto, mgongo umesimama wima. Alikikalia muda mrefu akiegemea hivi na hivi, akaona kwamba hapo hapalaliki hata kwa mgonjwa. Hakutaka fidia, wala kuombwa radhi. Alitaka maneno yale matatu yatoke kwenye ripoti, basi.

Kwa hiyo mama yake alipofika, alichotaka kujua ni neno gani analibonyeza. Aliifungua skrini ya amri, ile inayotumika kazini, na akaiacha programu yenyewe ipokee ujumbe na ionyeshe. Programu ikauchukua ule mstari wa tisa, ikalimulika neno.

FUNGUA.

Kwenye skrini ile FUNGA iko juu na FUNGUA iko chini yake, zimeachana kwa herufi moja na mstari mmoja. Aliyezipanga hivyo hajulikani, na kwa usalama wake ni heri asijulikane. Fundi akazima, akawasha, akaangalia tena. FUNGUA. Kengele naye akatazama, kisha akageukia dirishani akawa anamwangalia mfagizi.

Jioni Fundi alimkuta dada yake jikoni anasuuza vyombo.

"Mama yupo kazini," akasema.

"Anafanya nini?"

"Anabonyeza."

"Anabonyeza nini?"

Fundi alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani ambayo ilikuwa tayari kavu. "Fungua," akasema.

Dada akafunga bomba. "Kwa hiyo alilifungua kwa mkono wake."

"Ndivyo inavyoonyesha."

"Basi walioandika alisinzia walimsitiri," akasema Dada, akafungua bomba tena.

Siku zilizofuata walikuwa wakiishikilia ile sentensi kama blanketi. Kusinzia ni jambo la kibinadamu, watu husinzia hata wakiwa wamesimama. Fundi aliingia kazini asubuhi, akawasha skrini, ikaja BONYEZA, na yeye akaketi akafanya kazi yake kwa kibodi bila kumsalimia mama yake. Ilimuuma, lakini angemwambia nini? Kengele ndiye aliyekuwa akisalimia, kwa wote wawili.

Alhamisi Kengele akaomba na yeye ajaribu. Alikuwa amechoka kuona kipanya kinafutwafutwa bila kutumika. Fundi akakiunganisha, akamwachia kiti. Mzee akakishika kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga, akaupeleka mshale kwenye ZIMA KING'ORA, akabofya. Taa za uani zikawaka.

"Sijagusa taa mimi," akasema.

Akabofya tena. Taa za uani zikazimika. Mfagizi akainua macho, akaendelea kufagia.

"Mwanangu, hii kitu yako ina makengeza. Naitazama juu, yenyewe inatazama chini."

Fundi alifungua mdomo amwambie kwamba amekosea kulenga, ndivyo mafundi wanavyowajibu watu siku zote, halafu akaufunga. TAA ZA UANI iko mstari mmoja chini ya ZIMA KING'ORA.

Ni kosa dogo, na kila aliyewahi kuandika programu ya namna hii amelifanya walau mara moja na akalichekea baadaye. Skrini inahesabu mistari kama watu wanavyohesabu, inaanza na moja. Programu inahesabu kama mafundi wanavyohesabu, inaanza na sifuri. Mstari ambao skrini inauita wa tisa, programu inauita wa nane. Usipotoa moja kabla ya kuupokea ujumbe, kila kitakachobonyezwa kitaangukia jirani yake wa chini. Fundi alikuwa hajatoa.

Akatoa moja. Akaiwasha programu upya.

Neno lililomulikwa lilikuwa FUNGA.

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikashuka mpaka kwenye kitambulisho cha mgeni alichovaa shingoni, na Kengele akampa kitambaa cha kufutia skrini. Alimwomba mama yake radhi kwa siku zote alizompita kama nguzo. Halafu akajifuta, akaketi vizuri, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

BONYEZA, ikasema skrini.

"Kibodi ilikuwa mbovu siku ile," Kengele akasema baadaye, wakati chai imeshapoa. Alisema kama mtu anayekumbuka hali ya hewa. "Kitufe cha kupitisha amri kilikuwa kimezama, hakipandi. Mama yako akampigia simu Meneja aletewe nyingine. Mimi nilikuwa pale mlangoni navaa koti. Meneja akamwambia, kwani huna kipanya? Siku hizi kila kitu ni kipanya. Tumia kipanya."

"Na programu ilikuwa haisikii kipanya."

"Nani alijua? Ukibofya, neno linang'aa."

Hilo ni kweli, linang'aa. Skrini ya maandishi ambayo programu yake ni kiziwi hukitumia kipanya kwa shughuli zake yenyewe: inadhani unataka kunakili neno, inakupakia rangi ya kung'aa juu ya neno zima, na amri haiendi popote. Mama alibofya mara mbili, FUNGA ikang'aa mbele ya macho yake, vizuri kabisa, kama kitu kilichokubali. Ile mara ya pili hakuinua kidole. Alikuwa anasubiri mlio wa lango.

"Hukuwaambia walioandika ripoti, mzee?"

"Waliniuliza kama nilimwona akigusa kibodi. Nikasema hapana. Sikumwona." Kengele akaifuta miwani yake kwa shati. "Nilikuwa na watoto shuleni."

Fundi akamwaga chai yake iliyopoa. Kisha akarudi kwenye kazi, maana hasira alizokuwa nazo zilikuwa nyingi na za Kengele humo zilikuwa kidogo tu.

Alitaka kwanza mama yake apumzike. Kwa desturi, programu haitekelezi amri kidole kinaposhuka. Inangoja mpaka kiinuke, ili mtu aliyeghairi apate nafasi ya kusogea pembeni. Fundi akaiondoa desturi hiyo kwa lango la tatu. Aliandika kwamba pale kidole kinaposhuka panatosha. Akaunganisha programu na mitambo ya malango. Lango la tatu, lililokuwa wazi nusu kwa ajili ya bustani za bondeni, likaanza kushuka kwa ule mlio wake wa chuma kinachosaga changarawe, na Kengele akasimama dirishani akilitangaza: linakuja, linakuja, limekaa.

"Limefungwa, mama," akasema Fundi. "Umesikia? Mfereji umekauka. Achia sasa."

BONYEZA.

"Mama, mimi mwanao. Huko bondeni watu wameanika nguo, hakuna maji yanayokwenda. Kidole kimechoka hicho. Achia."

Kengele naye akajaribu. "Dada, zamu imekwisha, nimeshafika," akasema, akapigapiga meza kidogo kama walivyokuwa wakipokezana zamani. Haikusaidia.

Fundi akalihamisha neno lenyewe. Aliitoa FUNGA pale ilipokuwa, akaipeleka kwenye kona ya mbali ya skrini, ili kidole kibaki juu ya weusi mtupu na kijiachie chenyewe kwa kukosa kazi. Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Halafu ikaandikwa BURUTA. BURUTA. BURUTA. Namba zilisogea safu kwa safu, zikashuka mstari, zikarudi nyuma, zikashuka tena, kama mtu anayepapasa ukuta chumbani akitafuta swichi. Fundi na Kengele walizifuata kwa macho. Zilipofika konani zikasimama juu ya FUNGA, na neno likang'aa. Fundi akalirudisha neno mahali pake. Akavaa koti.

Kesho yake Mkurugenzi akashuka kuja kuona kazi imefikia wapi. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa Meneja wakati ule. Alipandishwa cheo mwaka uliofuata, kwa jinsi alivyoisimamia ripoti. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," akasema Fundi.

"Anabonyeza FUNGA."

"FUNGA, mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu alasiri ile."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa heshima. "Mchapakazi sana yule mama. Hata kwenye ripoti nilimsifu, ukurasa wa mwanzo. Nilisema hachelewi."

Fundi akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha na sasa aliyatoa yote, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti: kwamba kibodi ilikuwa mbovu, kwamba mama yake aliomba nyingine, kwamba aliambiwa atumie kipanya akatumia, kwamba programu ilikuwa kiziwi na yeye hakuambiwa. Kwamba hakusinzia. Kwamba anaomba ile sentensi itoke.

Mkurugenzi hakupinga hata moja. "Hiyo simu naikumbuka," akasema. "Na kubonyeza nakuona kwa macho yangu. Lakini ripoti haijasema mahali popote kwamba hakubonyeza. Imesema alikuwa amesinzia."

"Mtu aliyesinzia habonyezi, mheshimiwa."

"Huyu amekufa," akasema Mkurugenzi, "na anabonyeza."

Akanywa chai. Fundi alilitafuta jibu la hilo na hakulipata, na mpaka leo bado analitafuta akiwa anaoga au anapanga foleni dukani.

"Mimi shida yangu ni nyingine," Mkurugenzi akaendelea. "Watu wa bondeni wanataka maji ya bustani. Lango nitalifungua vipi wakati yeye amekalia FUNGA? Mwambie aachie."

"Nimemwambia. Nimemsihi. Haachii."

Mkurugenzi akainama kidogo kuelekea kwenye skrini. Kikombe hakukiweka chini. Alisema kwa sauti ileile anayoitumia kwa yeyote aliyekaa kwenye meza yoyote ya jengo lile.

"Mama, achia."

ACHIA, ikaandika skrini.

Mwanga ukaondoka juu ya neno. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kidirisha cha Fundi kilikuwa kitupu, na chumbani ikasikika feni ya kompyuta, ambayo bila shaka ilikuwa ikivuma siku zote hizo.

"Bonyeza," akasema Mkurugenzi.

BONYEZA.

"Achia."

ACHIA.

"Safi," akasema Mkurugenzi. "Huyu hana matatizo kabisa."

Fundi alimwonea mama yake hasira ambayo hakuwahi kumwonea akiwa hai. Alitamani kumshika mabega amtikise. Ameitwa na mwanawe, kaitwa kwa machozi, hakusikia. Kaitwa na huyu mwenye kikombe, kaitikia papo hapo. Alikishika kiti kwa nguvu mpaka mbao ikalia.

"Mtu wa kutii tu," Kengele akanong'ona pembeni yake. "Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa hajapewa ruhusa."

Tangu wiki hiyo, kwenye ubao wa zamu, mbele ya lango la tatu pakaandikwa Marehemu, asubuhi, mchana na usiku. Waendeshaji walifurahi, kwa sababu lango la tatu lilikuwa la kusumbua na sasa halikumhitaji mtu. Mvua ikitishia huko juu linafungwa kabla hata king'ora hakijalia. Mkurugenzi hakutaka kuwa akishuka ngazi kila mara, kwa hiyo Fundi alipewa kazi ya nyongeza ya kumrekodi sauti yake, bonyeza moja na achia moja, na kuziweka mahali ambapo mwendeshaji anaweza kuzicheza. Alimrekodi ofisini kwake, dirisha limefungwa. Mkurugenzi alisema kila neno mara moja tu, likatosha.

"Na sentensi?" Dada aliuliza jioni hiyo.

"Ipo."

"Ulimwambia yote?"

"Yote. Anayakumbuka kuliko mimi."

Dada alikuwa amekaa kwenye kochi, upande ule aliokuwa akikaa mama yao. Aliutazama mkono wa kochi, pale ambapo kitambaa kimebonyea na kuisha rangi. "Na mama je? Anaendeleaje?"

"Anafanya kazi."

"Likizo?"

"Hawajasema."

Dada akapapasa pale palipobonyea. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msibani, na Fundi akamkalia karibu na hakumwambia anyamaze.

Kazi ya kuipa programu masikio ilipokwisha, waliletwa waendeshaji wapya. Fundi alikuwa amebaki chumbani siku hiyo kukunja waya na kuweka kibodi za zamani kwenye boksi. Ni utaratibu pale kwamba mwendeshaji mpya, kabla hajagusa chochote, anasomewa ripoti ya ajali ile ili ajue uzito wa kiti anachokikalia, na ni Kengele anayesoma, kwa kuwa ndiye mkongwe. Wapya wakasimama mstari mmoja na madaftari yao. Kengele akasoma habari ya mvua, akasoma habari ya mfereji, akafika kwenye sentensi akaisoma kama alivyosoma nyingine, hakuikazia wala hakuipunguza.

Nyuma yake FUNGA ilikuwa inang'aa. Binti mmoja kati ya wale wapya alikuwa akiitazama skrini muda wote. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Huyo anayebonyeza hapo ni nani? Kipanya hakijashikwa na mtu."

Kengele akageuka, akatazama skrini, akamtazama Fundi aliyekuwa amepiga magoti kando ya boksi. Fundi hakuinua uso. Kengele akarudi kwa yule binti.

"Huyo ndiye wa lango la tatu," akasema. "Ni marehemu."

"Anapumzika saa ngapi?"

"Hapumziki. Tangu siku ile ya mvua hajaachia, ila akiamriwa."

"Siku ile ya kwenye ripoti?"

"Hiyohiyo."

Binti akapekua daftari lake kurudi nyuma, akitafuta pa kuongezea. "Kwa hiyo kwenye ripoti yeye ni yupi, mzee?"

"Huyo aliyesinzia," akasema Kengele.

Binti akaitikia kwa kichwa, akaandika.